Neno Nililotoka Nalo Chini ya Gari

Mjomba wangu alifukuzwa kazi ya udereva kwa sababu yangu. Naanza na hilo makusudi. Nikianza na jambo lingine nitazunguka weee, nitasifu gari, nitasifu milima ya Taita na kabeji zake, na mwisho nitajikuta nimejifanya mtu mwema. Sikuwa mtu mwema. Nilikuwa fundi wa magari pale Voi, miaka ile ya hamsini, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwenye ovaroli safi na kiburi cha kujaza debe.

Kiburi chenyewe kilikuwa na mwanzo wake. Wakati wa vita nilichukuliwa jeshini nikafundishwa ufundi wa malori. Niliporudi, kutoka Voi hadi Taveta hapakuwa na watu wengi walioweza kufungua giaboksi wakaifunga tena bila kubakiza skrubu mkononi. Watu waliniita Fundi hata kanisani. Mama yangu mzazi akienda dukani alijitambulisha, "Mimi mama yake Fundi." Ukiitwa hivyo kila siku, kila mahali, unaanza kuamini kwamba gari haliwezi kuwa na siri usiyoijua.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, mtu wa Wusi, huko juu kwenye ukungu. Alijua kuendesha kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Kazi yake ilikuwa kuteremsha mboga kutoka milimani kupitia Mwatate mpaka stesheni ya Voi, ziwahi garimoshi la kwenda Mombasa. Ni yeye aliyenisemea kwa mwenye gari, mfanyabiashara mmoja wa pale Voi ambaye sisi sote tulimwita Tajiri, nikapewa kazi ya kulitunza gari hilo. Sikumbuki kama nilimshukuru.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la kabla ya vita, la kubeba watu wanne. Tajiri alitaka libebe magunia. Basi nikalikata katikati, nikaunga vyuma, nikalirefusha, nikaliwekea kitanda cha mbao nyuma. Wakati ule watu walifanya hivyo na hakuna aliyeshangaa. Shida ikawa propela, kile chuma kirefu kinachopita chini ya gari kutoka kwenye gia kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Ilikuwa fupi. Nikatafuta nyingine kwenye lori lililokufa, nikaziunganisha mbili. Sasa propela ya vipande viwili haiwezi kuning'inia hivi hivi. Pale katikati inataka beringi ya kuishika, na beringi nayo inataka kuzungukwa na mpira mgumu uliofungwa kwenye chasisi, ili ishikwe imara lakini isibanwe kama mwizi. Beringi nilikuwa nayo. Mpira wake sikuwa nao, na Mombasa waliniambia nisubiri.

Mimi na kusubiri wapi na wapi! Kitu kilichokuwa hakiishi Voi ni katani. Kulikuwa na mkonge kila upande. Kwa katani tulifunga vitanda, tulijaza magodoro, tuliziba mabomba ya maji yaliyovuja. Nikasuka katani nene, nikailoweka majini usiku kucha ilainike, kama wasuka kamba wafanyavyo, kisha nikaizungushia beringi na kuigonga kwa nyundo ndani ya nyumba yake mpaka ikakaza kabisa. Nikawaita watu waje kutazama. Tajiri akanipiga piga begani. Nilitembea wiki nzima kama bwana harusi.

Miezi michache baadaye mjomba akaja gereji, kofia mkononi.

"Mpwa wangu," akasema, "gari linalia."

"Linalia vipi?"

"Nikiliondoa na mzigo linatetemeka kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa. Halafu huko milimani linanyamaza. Nikishapita Mwatate, nikiingia uwandani, linaanza kuvuma hapa chini ya kiti. Nikiongeza mwendo, linaongeza. Nikipunguza, linapunguza."

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. Yalikuwa maneno ya kutosha. Fundi mwenye masikio angesikia "chini ya kiti" na "mwendo" akaenda moja kwa moja kwenye beringi ya katikati. Mimi nilisikia tu kwamba kazi yangu inasemwa.

Hata hivyo nilipanda naye kwenda Wusi kusikiliza. Yalikuwa majira ya mvua. Tukapanda, tukapakia, tukateremka, na mvua ikatufuata mpaka Voi. Gari kimya, si milimani, si uwandani. Tulipofika stesheni nikaruka chini, nikasema mbele ya wapakuzi wote, kwa sauti:

"Gari halilii! Kinacholia ni mguu wako, mjomba. Ukifika uwandani unakanyaga kama unafukuzwa na simba."

Wakacheka. Mjomba naye akacheka kidogo, akatazama kabeji. Kwetu mjomba hasemwi hivyo na mpwa wake, hata kwa utani, tena mbele ya watu wasio wa ukoo. Nilijua hivyo nikiwa nasema.

Mvua ilipoisha akarudi. Safari hii hakuvua kofia, alikuwa na furaha kama mtu aliyepata kitu chake kilichopotea.

"Leo nimelijaribu," akaniambia. "Nimefika kwenye ule mteremko mrefu, nikatoa gia, nikazima injini kabisa. Likawa linakwenda lenyewe. Bado linavuma! Basi si injini, mpwa wangu, wala si gia. Ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu."

Nilikasirika, na nitasema kwa nini. Lilikuwa jaribio zuri, na halikuwa langu. Mtu ambaye hajawahi kushika spana kubwa amenifundisha kazi yangu kwa kuzima injini tu. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Basi ni difu. Umeiua difu kwa kukimbiza gari."

Nikaifungua ile difu huko nyuma, yenye meno ya kugeuza nguvu kwenda magurudumuni. Meno yalikuwa mazima. Mafuta yalikuwa safi. Nikaifunga, nikajifuta mikono, nikamwambia, "Nimekurekebishia." Akaniambia asante. Aka! Hatua mbili tu mbele ya pale nilipolala palikuwa na beringi yenyewe. Ungeinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, ukaishika propela katikati na kuitikisa, ungejua kabla hujahesabu kumi. Ungeweka bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini wake sikioni, mtu akaizungusha, ungesikia mchanga ukisagwa. Sikufanya hata moja. Na usidhani ni kwa kutojua. Pale katikati palikuwa pangu, na sikutaka kupagusa.

Kiangazi kikakaza. Alasiri moja mtu wa baiskeli akaleta habari kwamba gari la mboga limekwama uwandani upande wa Ndara, halisogei. Tukaenda mimi na Tajiri kwa gari lake dogo. Tajiri njia nzima alikuwa anatazama saa, maana garimoshi halikuwa la kumngoja mtu.

Tulimkuta mjomba amesimama kando ya barabara. Alisikia mgongo wa gari ukigonga, akalitoa barabarani polepole na kulisimamisha kabla halijapinduka. Propela ilikuwa imekatika katikati, ikachapa sakafu ya mbao mpaka ikatoboa. Hakuna aliyeumia. Kabeji zilikuwa juani, zimeanza kulegea. Sasa nikifikiri, dereva mwingine angelipindua gari lile na angekufa nalo. Yeye aliliokoa.

Nikaingia chini ya gari. Beringi ilikuwa imepasuka, gololi zimemwagika mchangani. Na katani yangu, Mungu wangu, ilikuwa imekauka na kunywea kama ufagio wa zamani. Kati yake na chuma vidole vyangu vitatu vilipita bila kugusa. Nikaelewa yote kwa mara moja. Huko Wusi, kwenye ukungu na mvua, katani ilikunywa maji ikavimba, ikaishika beringi sawasawa, gari likanyamaza. Ikishuka uwandani inakauka, inalegea, beringi inaanza kucheza na kuvuma. Ndiyo maana siku niliyopanda naye kwenye mvua sikusikia kitu. Kila alichosema mjomba kilikuwa kweli, neno kwa neno, tangu siku ya kwanza aliyokuja na kofia mkononi.

Nilikuwa nimelala chali. Kutoka pale niliona viatu vya Tajiri vilivyopigwa rangi, na kando yake miguu ya mjomba ndani ya ndara za mpira wa tairi. Mpira wa tairi! Hata huo sikuufikiria, nao ulikuwa mtaani umejaa tele. Nikasikia Tajiri akiuliza, "Haya, Fundi. Ni nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kutosha, na hilo ndilo linaloniuma. Sikubabaika, sikushtukizwa. Nilipima. Nikisema ni katani, nitakuwa fundi aliyetengeneza gari kwa kamba, na Voi nzima itanicheka kabla jua halijazama. Nikazing'oa zile nyuzi, nikazisokomeza mfukoni mwa ovaroli, nikatoka nikijipangusa vumbi.

"Ni mwendo," nikasema. "Beringi imekatika kwa kukimbizwa. Mimi nilimwonya."

Tajiri hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wake, kiganja juu, kuomba ufunguo. Mjomba hakuutoa upesi. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini kabisa, "Umeona mwenyewe, mpwa wangu?"

"Nimeona mwenyewe."

Akaweka ufunguo kwenye kiganja kile. Kisha akachukua koti lake kwenye kiti, akatuaga sote wawili kwa adabu, akashika njia ya Mwatate kwa miguu.

Nilifika nyumbani nikazitupa zile nyuzi motoni. Mke wangu akauliza ni nini kinachonuka. Nikamwambia ni takataka za gereji, nikamfokea kwa kuuliza uliza. Maskini, hakuwa na kosa.

Tajiri alimpa mjomba barua ya kuachishwa kazi, na ndani yake akaandika kwamba ameharibu gari kwa mwendo. Dereva mwenye barua kama ile hana pa kwenda. Alijaribu kwenye mashamba ya mkonge. Alikwenda hata Kishushe, kwa wale Wazungu waliokuwa wakitafuta madini, ambako dereva wa kuzijua njia zile mbovu alikuwa adimu. Wote waliisoma barua na kumrudishia. Akarudi Wusi kulima. Hakushika tena usukani mpaka alipokufa.

Na mimi? Nilikata mpira kwenye tairi bovu, nikauzungushia beringi nyingine, nikaufunga kwa bolti. Kazi ya asubuhi moja. Dereva mpya akalichukua gari, likaenda Wusi na kurudi, kiangazi na masika, kimya. Watu pale stesheni wakasema, "Unaona? Kumbe kosa lilikuwa la dereva!" Nilikuwa nasimama nao nikinywa chai yangu. Niliinamisha uso kwenye kikombe, na wao wakafikiri ni unyenyekevu.

Sasa yaja lile ambalo sijawahi kumsimulia mtu, hata mke wangu.

Mwaka uliofuata binti yetu wa kwanza, mtoto wa miaka miwili, alishikwa na homa isiyoachia. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu siku mbili, homa ikarudi. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa kama mimi, lakini alikuwa na ya kanisani na ya kwao, na hakuona yanagombana. Akaenda milimani kwa mzee mmoja anayetazama mambo, akarudi na jibu kwamba mtoto ameguswa na hasira. Kwetu inaaminika hivyo, kwamba ndugu mkubwa akikukasirikia na kunyamaza, ile hasira inakaa moyoni mwake na kuwaumiza watu wako, hata kama yeye mwenyewe hataki. Na hasira hii, mzee alisema, inatoka upande wa mama yangu.

Mama akanitazama. "Mwanangu, umemkosea nani?"

"Sijamkosea mtu."

Akatuma ujumbe Wusi bila kuniuliza tena. Mjomba akaja. Alitembea sehemu kubwa ya njia, na miguu yake ilikuwa myekundu kwa vumbi mpaka magotini. Alibeba kibuyu cha pombe ya miwa, kwa ajili ya kutasa. Kutasa ni hivi: mtu mwenye hasira anapiga funda, anaipuliza pombe chini kama mvua ndogo, na kila akipuliza anaitaja hasira yake waziwazi, kisha anaitoa. Akiificha haitoki. Na yule aliyekosana naye anapewa kibuyu baada yake, naye aseme yaliyomo moyoni mwake. Kanisani tuliambiwa ni mambo ya giza. Mimi siku ile niliona ni mwanga mno, nilitaka kukimbia.

Alikaa mlangoni, uso nje. Mke wangu alikuwa amempakata mtoto. Mjomba akapiga funda la kwanza, akapuliza.

"Nilikasirika," akasema. "Sifichi. Nilimkasirikia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Nilisema moyoni, gari lile nalijua, nimelisikiliza, na yeye amenisingizia. Nimelala na neno hilo mwaka mzima."

Nikawaza, asante Mungu, anajua. Amejua siku zote. Sasa atalisema, na mimi nitasema ndiyo, na yataisha.

Akapiga funda la pili.

"Lakini nimekuja nikifikiri njia nzima. Fundi ni yeye. Yeye ndiye aliyeingia chini. Nilimuuliza kama ameona mwenyewe, akaniambia ameona. Mtoto wa dada yangu hawezi kunitazama machoni akanidanganya. Basi kosa lilikuwa langu, nilikimbiza gari na sikujijua. Hasira yangu ilikuwa ya bure. Na itoke. Mtoto apone, alale, acheze."

Akapuliza, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akanipa kibuyu.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Wazee wetu hawakuiweka desturi ile kwa jambo lingine. Mama ananitazama, mke wangu ananitazama, mtoto anahema kwa shida. Nilipiga funda. Pombe ilikuwa tamu, bado changa. Nikapuliza chini.

"Nami sina neno," nikasema.

Ala! Mtoto mgonjwa yuko mbele yangu, na bado nilichunga jina langu. Alikuja kupona, alhamdulillahi au haleluya, semeni mtakavyo. Kama ni dawa ya zahanati au ni mjomba, sijui, na sina uso wa kuuliza. Ana wajukuu sasa. Kila nikimwona nakumbuka kwamba siku ile nilikuwa tayari kumweka rehani.

Basi mambo yakaisha, mama akafurahi, akapika chai. Mjomba alionekana mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kichwani. Akavuta kigoda chake karibu na changu. Akanyoosha mikono yake mbele, vidole vimekunjwa kama vimeshika usukani, na akaitazama hivyo kwa muda.

"Mpwa wangu," akasema, "nisaidie jambo moja. Huenda Mungu akanipa gari tena. Nifundishe. Pale uwandani, baada ya Mwatate, nilikuwa nakosea wapi?"

Alinisubiri kama mtoto wa shule anavyomsubiri mwalimu. Mtu aliyeendesha barabara ile tangu nikiwa nachunga mbuzi.

Nikaweka kikombe chini, nikamfundisha.